Kichwa cha Babu Pazi

Bibi yangu Rukaya alinituma kwenye kaburi la babu yake wakati wa magharibi, na kibuyu cha maji na unga wa mtama kwenye kisahani. Kwetu Maneromango marehemu huambiwa habari zake kabla ya walio hai kuzitangaza.

Watafiti waliompima bibi mate ili kulinganisha vinasaba walikuwa wamelipata fuvu la babu yake, Pazi, ndani ya boksi la makumbusho huko Ujerumani. Wajerumani walimnyonga mwaka 1905, wakamkata kichwa, wakakisafirisha. Sisi tulizika kiwiliwili.

Bibi alikuwa hoi kitandani, akitaka kichwa kirudi kabla hajafa. Barua ya makumbusho ilisema maombi yetu yatafikiriwa. Yatafikiriwa! Kana kwamba tunawaomba mali yao. Bibi hajui kusoma. Mimi, Mfaume, nikamwonea huruma, nikamwambia wamekubali.

Kaburini nilinyunyiza unga, nikamwaga maji.

"Shikamoo, babu. Unarudishiwa kichwa chako."

Ndege walinyamaza. Ikaja harufu kali ya dawa, ile ya chumba cha maiti...

"Lini?"

Sauti ilitoka ardhini, chini ya miguu yangu.

Nilikimbia, kandambili nikaziacha hukohuko. Nyuma yangu nilisikia hatua. Taratibu... taratibu... hatua za mtu anayepapasa njia.

Nilimkuta bibi ameketi kitandani. Siku nne alikuwa hawezi hata kujigeuza. Mlango ukasukumwa. Kizingitini palisimama mtu, kivuli kitupu kwa giza lilivyokuwa limeingia. Akamsogelea. Bibi akanyoosha mikono, akampapasa kifua, akampapasa mabega. Mikono ikapanda juu.

Ikakosa pa kushika.

"Mfaume," bibi alinong'ona, "ulimwambia wamekubali?"

"Ndiyo, bibi."

"Wamekubali kweli, mjukuu wangu?"

Niliinamisha macho. Bibi akaangua kilio, kilio cha mtoto aliyedanganywa. Nilipoinua macho, kando ya kitanda hapakuwa na mtu. Alfajiri haikumkuta bibi hai, na najua ni uongo wangu uliommaliza.

Tulimzika mchana, kando ya babu yake. Niliingia kaburini mwenyewe, nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikamfungua sanda usoni, nikamwelekeza uso kibla. Harufu ile ya dawa ikapanda kutoka upande wa kaburi la babu.

"Na mimi?"

Shekhe alikatiza dua. Watu wote walisikia. Niliwaona walivyoinamisha macho, wazee kwa vijana.