Shati la Kuombea Kazi

Kila jioni Chiriku alichemsha maji, akayapoza kidogo, akatia chumvi, kisha akasogeza beseni mbele ya kiti cha mama yake. Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini mama alipoingia na kuvua viatu, hata Chiriku alinyamaza. Miguu ile ilikuwa imevimba mpaka inang'aa.

Mama alipiga pasi katika duka la dobi. Alisimama tangu asubuhi, shati baada ya shati, mvuke ukimpanda usoni. Mwenye duka aliitwa Shangazi na kila mtu, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote mtaani. Ndiye aliyemfundisha mama kazi wakati hajui hata kushika pasi.

Jioni moja mjomba alikuja na habari. "Dada, ile hoteli mpya inatafuta mpiga pasi. Mashuka wanapitisha kwenye mashine, mtu amekaa zake. Mashati tu ndiyo ya mkono. Wanataka upeleke shati moja ulilolipiga pasi mwenyewe, waone kazi yako. Mwisho kesho kutwa."

Mama alitia miguu majini, akafumba macho. "Shangazi akisikia naomba kazi kwingine, atanifukuza. Na hotelini wakinikataa je? Nitakosa mwana na maji ya moto."

"Na ukibaki utakosa miguu. Daktari si alikwambia?"

"Aliniambia. Niacheni kwanza, nimechoka." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe Chiriku, habari hii isivuke mlango."

Kesho yake Chiriku alipitia dukani baada ya shule. Kutwa nzima siri ilikuwa imemwasha ulimi. Alitazama mashati ya wateja yaliyotundikwa, akakumbuka kwamba nyumbani hapakuwa na shati la maana. Moja lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, limetiwa wanga likasimama lenyewe. "Si kazi ya mama hii?" alijiambia. "Nitaliazima tu." Mama alikuwa chumba cha nyuma kwenye pasi; Shangazi alipogeuka, Chiriku alilitoa kwenye henga, akalikunja na kulisukumia ndani ya mkoba wake wa shule.

Mama alipofika nyumbani, alikuta mtoto anamsubiri kwa furaha. "Mama, shati la kupeleka hotelini hili hapa!"

Mama alikuwa ndio kwanza amevua viatu. Alilitazama shati, akalitambua. Hakugomba. Aliinama akaanza kurudisha miguu kwenye viatu, polepole, akiuma meno. Chiriku aliona afadhali angechapwa.

"Mama, nisamehe. Acha nikimbie nikalirudishe."

"Tutakwenda wote. Alilochukua mwanangu nimelichukua mimi."

Dukani walimkuta mwenye shati amekuja kulichukua, maana alikuwa anasafiri jioni ileile. Shangazi alikuwa akipekua marundo huku jasho likimtoka. "Miaka yote hapa hapajapotea hata soksi!" alilalamika.

"Nimelichukua mimi," Chiriku akasema. Akaeleza yote huku analia, na habari ya hoteli ikatoka pamoja na mengine. Mama hakumkatiza. Aliwasha pasi, akalinyunyizia shati maji, akaanza kuondoa mikunjo upya, kwa sababu shati la mteja likishapigwa pasi hutundikwa, halikunjwi. Mteja alisubiri akitazama saa, akalipokea shati na kuondoka bila kuaga.

Shangazi akaketi. "Kumbe unataka kuniacha, na habari naipata kwa mtoto."

"Sijaamua, Shangazi. Niliogopa kukuambia. Wewe ndiye uliyenishika mkono."

"Imeniuma, sikufichi." Alivitazama viatu vya mama kwa muda. "Lakini miguu hiyo naiona siku zote, najifanya kipofu. Mimi mashine ya kukalia sina. Nenda kaombe. Wakikukataa, pasi yako ipo hapa. Wakikukubali, niambie mapema nitafute mtu." Kisha akamgeukia Chiriku. "Nawe, kumhurumia mama yako ni jambo jema. Lakini huruma haikupi ruhusa ya kugusa cha mtu."

Asubuhi iliyofuata mama alichukua shati la zamani la Chiriku la shule, lenye kola iliyolika, akalipiga pasi kwa utulivu na kulipeleka hotelini. Mpokeaji wa maombi ya kazi aliitazama kola, akaigeuza mikono, akauliza, "Mwajiri wako anajua uko hapa?"

"Anajua. Ameniruhusu mwenyewe."

"Wengi wanatuambia hawana kazi, kumbe wametoroka zamu. Wewe umesema kweli, na pasi yako ni safi," yule mpokeaji akasema. Mama aliambiwa aanze mwezi ujao. Siku zilizobaki alizimaliza kwa Shangazi, akimfundisha mpiga pasi mpya.

Siku mama alipoaga dukani, Chiriku alimuuliza njiani, "Mama, umefurahi?"

"Nimefurahi, lakini nimechoka, mwanangu." Mama alisimama kidogo kupumzisha miguu. "Kutafuta kazi nyingine ukiwa na kazi si kosa, wala si kumsaliti mtu. Lakini zile siku za kuwaza na kumficha Shangazi zilinichosha kuliko pasi yenyewe. Ukitaka kitu, sema unakitaka. Utalala usingizi, hata ukikikosa."