Mafunjo ya Jumapili ya Matawi

Kila asubuhi kabla ya shule, Benitha aliteremka hadi Ziwa Nakivale kumsaidia baba yake, Cassien, kubeba samaki. Siku hizi hapakuwa na cha kubeba. Asubuhi moja baba alishuka mtumbwini na sato wawili tu, tena wadogo.

"Jua limetushinda, mwanangu," alisema. "Kikao cha wavuvi cha leo kikiamua tuache kupanda, mimi nahamia mjini Mbarara. Nitatafuta kibarua huko, mtaa wa Kakoba, na uvuvi basi."

Kilichopandwa kilikuwa mafunjo, yale majani marefu ya majini. Zamani watu waliyafyeka ukingoni ili walime nyanya, na samaki wakakosa mahali pa kuzalia. Wavuvi, wakimbizi Warundi kwa Wakongo, wakayapanda upya, nayo yakashika vizuri. Kisha mvua ikachelewa, jua likawaka, na sehemu kubwa ikakauka. Kila mtu alililaumu jua, Benitha akiwemo.

Siku hiyo darasani, Mwalimu Ancilla, mwenyeji wa Ruti kule Mbarara, alifundisha kuhusu matumbawe. Alieleza kwamba hao ni viumbe hai wanaojenga vitu kama mawe chini ya bahari, na samaki wengi hukulia humo. Bahari ikizidi joto, matumbawe hupauka, na mengi hufa.

"Yanakufa yote, Mwalimu?" Benitha aliuliza, akitamani kusikia ndiyo, ili lawama ibaki ya jua.

"Hapana. Yale ambayo watu hawakuyavunja yanaweza kupona, joto likipungua. Yaliyovunjwa hayana nguvu ya kungoja."

Benitha aliishiwa raha. Alikumbuka siku iliyotangulia Jumapili ya Matawi. Mitende ni michache pale Nakivale, basi aliwaongoza wenzake wa kwaya hadi ziwani, wakakata machipukizi ya mafunjo mpaka shinani. Kanisani walipendeza kweli. "Yataota tena," aliwaambia. Ah, mtoto na hesabu zake!

Jioni wavuvi walikutana kando ya mitumbwi. Mwenyekiti wao, Mzee Byamungu, Mkongo wa Baraka, alisema kwa unyonge wa mtu aliyefanya kazi bure, "Tulitumika mingi, lakini jua iko mukali. Hii fasi tuigawe, batu balime nyanya."

Mikono ya waliotaka eneo hilo ligawanywe ilianza kuinuka. Benitha akasimama.

"Mzee, si jua peke yake. Mimi niliwaongoza wenzangu, tukakata machipukizi kwa ajili ya Jumapili ya Matawi."

Baba yake alitazama chini, na hilo lilimuuma Benitha kuliko kofi.

"Twende tuone," alisema Byamungu.

Palipokatwa, mafunjo yote yalikuwa yamekauka. Lakini mbele kidogo, kwenye kina ambacho watoto hawakuthubutu kukiingia, mengine yalisimama. Yalikuwa membamba, ncha zake njano, lakini yalikuwa yakichipua.

"Haya hatukuyafikia," Benitha alisema kwa sauti ndogo.

"Basi hii fasi haiyakufa," Byamungu akajibu. "Tutatoa mizizi hapa, tupande tena. Na batoto ba kwaya batasaidia."

Jumamosi kwaya nzima ilikuwa matopeni, ikipanda. Lakini mafunjo hayaoti kwa kuombwa radhi. Mazalia ya msimu ule yalikuwa yameshapotea, na nyumbani watu walihitaji kula. Cassien hakuacha uvuvi, ila alilazimika kwenda Kakoba kubeba mizigo sokoni mpaka samaki waongezeke.

Asubuhi ya safari Benitha alimshika mkono akilia. "Baba, nisamehe. Usiende."

"Nilikusamehe siku ile ile uliposema kweli," alijibu. "Lakini msamaha haujazi wavu, mwanangu. Jua hatuliwezi. Kwa hiyo kitu kinachopigana na jua, sisi tusikiongezee kisu."

Alimfuta machozi, akapanda bodaboda, akaenda.