Mkono Kwenye Picha ya Baban

"Bosi, vua miwani! Machozi hayaonekani!"

Devkant Sahni akamtii mpiga picha wake, akavua miwani. Kamera zikamulika. Akainamisha kichwa mbele ya picha ya marehemu, mwigizaji ambaye hakuwahi hata kusalimiana naye, akahesabu moyoni mpaka tano, kisha akapangusa jicho. Zamani Mumbai nzima ilipanga foleni kumwona kwenye sinema. Siku hizi magazeti yalimtoa kwenye misiba tu, na kila asubuhi alisoma matangazo ya vifo kabla ya chai.

"Unalia vizuri," sauti ikasema nyuma yake. "Baba yangu alipokufa ulikaa dakika kumi."

Hakuhitaji kugeuka. Alikuwa Vasudha, mkewe, waliyetengana naye miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Vasu, siku ile nilikuwa na..."

"Hukuwa na kitu, Dev. Ulichungulia nje, ukakuta hakuna wapiga picha, ukaondoka."

Devkant akairudisha miwani usoni.

"Baban, fundi taa wa studio, amefariki," Vasudha akaendelea. "Yule aliyetuletea barua zetu za uchumba ndani ya boksi la balbu. Sala ni kesho saa kumi na moja jioni, chumbani kwake mtaa wa Parel. Njoo, lakini bila kamera."

"Nitakuja."

"Usipokuja sitagombana na wewe. Karatasi za talaka ziko kwa wakili. Nitatia saini tu."

Jioni ujumbe ukaingia kutoka kwa Pintu, mpiga picha wake wa misibani: "Bosi, kesho saa 11 jioni, mtaa wa Juhu, sala ya mtayarishaji mkubwa wa filamu. Televisheni zote zipo. Kuna mwongozaji anatafuta wa kuigiza baba wa bibi harusi. Vaa nyeupe, usichelewe."

Devkant alikula wali na dengu peke yake, simu ameiegemeza kwenye bilauri kama mgeni wa mezani.

Kesho yake dereva wa teksi akauliza, "Wapi, mzee?"

"Juhu."

Walikwenda. Wakakaribia kabisa, mpaka akaona magari ya televisheni.

"Geuza," akasema. "Twende Parel."

"Mzee, umesahau kitu?"

"Ndiyo."

Chumba cha Baban kilikuwa na watu kumi na moja na viti vya plastiki. Hakuna aliyegeuka. Kwa mazoea Devkant alisimama mlangoni, kidevu juu, uso kwenye mwanga.

"Wewe baba, unatuzibia hewa," bibi mmoja akamkemea. "Keti!"

Akaketi karibu na Vasudha. Ndipo akaiona picha iliyovishwa shada. Baban aliishi nyuma ya taa. Hakuna aliyewahi kumpiga picha peke yake. Walikuwa wamemkata kutoka picha ya kazini, na begani kwake umebaki mkono wa mtu, una pete kubwa.

"Mkono wa nani ule?" mtu akauliza.

"Wa staa mmoja," mjane akajibu. "Jina limenitoka. Tulimkata."

Devkant akatazama kidole chake. Pete ilikuwepo. Kicheko kikamtoka, kikageuka kilio. Mdomo umepinda, kamasi zinamtiririka. Hakuhesabu mpaka tano.

Simu ikatetemeka. Pintu: "Usihangaike tena bosi. Hakuna aliyekuulizia."

Akampa Vasudha asome. Vasudha akauma pindo la sari, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Futa pua," akanong'ona. "Unatisha watu."

Wageni walipoondoka, wawili hao wakabaki wakipanga viti.

"Nilianza kwenda Juhu, Vasu. Sikudanganyi."

"Nilijua. Umechelewa nusu saa."

"Na zile karatasi?"

Vasudha akapachika kiti cha mwisho juu ya vingine.

"Ule ufunguo wa nyumba bado unao?"

Akaingiza mkono mfukoni. Vikatoka miwani, kitana, na ufunguo uliochakaa meno.

"Sijabadilisha kufuli," Vasudha akasema, akivaa ndala zake mlangoni. "Ila maziwa yamekwisha. Pitia dukani."