Mawe ya Mazuku Chini ya Taa Nyekundu

Haya yalimpata Charline, mdogo wangu wa tumbo moja, nyumbani kwake Himbi, mjini Goma, mchana kweupe. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na laiti nisingekuwepo.

Mumewe, Modeste, alikuwa mtu wa samaki. Wanaume wengine huhonga, wengine hunywa. Shemeji yangu alikuwa na tangi la kioo la mita mbili sebuleni, na ndani ya maji alipanda majani kama mtu anayelima mboga. Samaki walinenepa. Majani yalikataa. Alianza na taa nyeupe ya LED, yakageuka njano. Akaongeza ya pili, vioo vikajaa utelezi wa kijani, akashinda Jumapili nzima akikwangua badala ya kwenda misa. Nilimcheka sana. Leo kicheko kile kinaniuma.

Aubin, muuza taa wa Birere, ndiye aliyemfungua macho.

"Papa Modeste, ile nyeupe ni ya kuonyesha samaki tu. Kama unataka majani ikomae, kamata hii yenye iko na rouge, nyekundu. Lakini majani ya lumière mingi, mwangaza mingi, inaomba na gazi. Bila gazi, unalisha utelezi."

Gesi ya kulisha majani Modeste aliitafuta Goma nzima, hakuipata. Lakini nani wa Goma asiyejua mazuku? Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, kwenye mashimo ya mawe ya volkano kule Mugunga. Haina harufu wala rangi. Mbuzi akishuka humo, hapandi tena. Modeste alikuwa ameona nyasi nzito pembeni mwa shimo moja, akaamini hewa ile ndiyo gesi yenyewe na kwamba mawe ya pale yameinyonya, akajiona mjanja kuliko wote. Akaenda siku ambayo upepo uliipeperusha hewa ile, akarudi na mawe meusi tisa kwenye gunia.

Nilimuuliza ameyaokota wapi. Alijibu huku akiyasugua kwa brashi.

"Kulikuwa mama moja wa kambi ya wakimbizi, alishukaka kutafuta kuni, akalala pale pale. Batu bakapanga mawe pale, ikuwe alama yake. Yeye alishakufa, shemeki. Mawe haina kazi tena."

Akayapanga ndani ya tangi. Akawasha taa yake mpya, nyeupe iliyochanganywa na nyekundu. Kesho yake kila jani lilikuwa limesimama, limejaa mapovu madogo yaliyopanda juu mojamoja. Na siku hiyohiyo Charline alianza kukosa pumzi.

Tulidhani malaria. Zahanati ikasema damu safi, mapafu safi. Charline mwenyewe ndiye aliyegundua. Shida ilianza saa mbili asubuhi, taa ilipojiwasha, ikaisha saa kumi jioni, ilipojizima.

"Yaya Masika," alininong'oneza mimi dada yake mkubwa, "ile taa ndiyo iko nanikamata."

Nilikwenda nikachomoa waya. Mdogo wangu akavuta pumzi ndefu, midomo ikarudi rangi yake. Nikachomeka. Kabla sijanyanyuka alikuwa ameshika kifua, na sebuleni mapovu yakapanda. Nikachomoa tena. Sikurudia kujaribu.

Modeste alipoambiwa hakubisha. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe. Alimtazama mkewe, akayatazama majani, akachukua kile kisaa cha kuwashia taa akakigeuza kidogo.

"Tulikuwa na huit heures, masaa munane. Naweka six, sita. Vumilia, chérie. Mpaka samedi tu."

Jumamosi angekuja Mama Victoire, mwenye hoteli kando ya ziwa, kuangalia tangi. Likimpendeza, Modeste angetengeneza matatu kama hilo kwa hoteli yake.

"Rudisha mawe," nilimwambia.

"Nikitoa mawe, majani inakufa."

"Na bibi yako?"

"Si anapumua usiku?"

Nikamtukana matusi ambayo sijayaungama mpaka leo. Akanishika mkono, akanitoa nje. Pale ni kwake, alisema.

Jumamosi nilifika kwa pikipiki saa sita. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na mgeni alikuwa amekaa kwenye kiti. Tangi lilikuwa zuri. Naona aibu kulisema, lakini lilikuwa zuri. Kutoka chumbani kukasikika mlio wa kugonga ukuta.

Mmoja.

Kimya.

Miwili.

"Nani anagonga?" Mama Victoire aliuliza.

"Mugonjwa. Malaria."

Modeste akazungusha kidude cha taa, akaongeza nyekundu ili mgeni aone vizuri. Kugonga kukaenda mbio. Nilikimbilia chumbani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, ufunguo ukining'inia kwenye kitasa, nikauzungusha kwanza upande usiofungua. Nyuma yangu maji yakachemka mapovu, tangi zima. Mama Victoire akapiga makofi.

Kugonga kukakoma.

Mlango ulipofunguka, Charline alikuwa sakafuni chini ya ukuta, vifundo vya vidole vimechunika. Bado alikuwa wa moto. Nilirudi sebuleni nikang'oa waya ukutani mbele ya mgeni. Nilikuwa nimechelewa.

Daktari aliandika kuwa amekufa kwa moyo. Mimi na jirani yake, Pascasie, tulimwosha kitandani mwake. Taya halikukubali kufunga. Nililisukuma, likarudi. Nikainama nione kinachozuia.

Chini ya ulimi kulikuwa na jani.

Dogo. Bichi. Limesimama. Nililivuta kwa kucha, halikutoka. Lilikuwa na mzizi.

Dirisha lilikuwa wazi, jua la mchana likimwangukia usoni. Jani halikuligeukia jua. Lilikuwa limeinamia upande wa pili, kuelekea mlangoni, kuelekea sebuleni, ambako Modeste alikuwa amechomeka tena taa yake ili majani yasife.

Kwenye ncha ya jani lilikaa povu moja. Likapasuka. Jingine likaanza kukua.

"Funga kinywa," Pascasie alinong'ona. "Masika, funga."

Nikakifunga kwa kitambaa, mafundo mawili. Tulimzika na jani lile.