Siagi ya Mtakatifu Agata

Shangazi yangu Justina ndiye aliyekuwa akifagia kanisa la misheni karibu na Dongobesh, enzi za Mwingereza. Ukutani palikuwa na picha ya kale kutoka Ulaya, iliyochorwa juu ya ubao: Mtakatifu Agata, mikono imefungwa, amelazwa juu ya makaa. Kila Jumamosi shangazi alimpaka siagi usoni. Kwetu bibi arusi hatoki kwa mama yake akiwa mkavu, na Agata, alisema, ni bibi arusi wa Yesu asiyekuwa na mama wa kumpaka.

Bibi yangu, mama yake, alimwonya, "Unayempaka siagi umemfanya damu yako." Shangazi alicheka tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi moja Padre Nikolausi alimleta mtaalamu wa picha kutoka Nairobi. Mtaalamu alichoma sindano shavuni mwa mtakatifu. Ikazama.

"Rangi ya miaka mia tatu huwa ngumu kama jiwe," alisema. "Hii ni laini. Ni nakala."

Mlangoni, shangazi alishika shavu lake. Damu ilipita katikati ya vidole.

Akapiga magoti. "Padre, nisamehe. Ulaini huo ni siagi yangu, imeganda na moshi wa mishumaa. Msimguse tena. Naumia mimi."

Padre alikuwa ameisifu picha ile miaka yote, hata mbele ya askofu. Aibu yake ikageuka hasira. "Leo nitawaponya ushirikina," alisema. Akawaita waumini uani, akailaza picha juu ya kuni, akaamuru shangazi ashikwe atazame.

Siagi ilishika moto kwanza. Ikachuruzika, ikaisha. Chini yake rangi ilibaki nzima. Mtaalamu akaigonga kwa fimbo. Ikalia kama jiwe.

"Padre," alinong'ona. "Itoe. Ni yenyewe."

Padre aliwatazama watu wake. Wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Iache," alisema.

Moto ukapanda miguuni mwa Agata. Shangazi akaanza kunuka. Hakuna ndimi za moto zilizomfikia. Waliomshika walimwachia kwa sababu mikono yao iliungua. Hakulia muda mrefu kabla ya kukata roho.

Mimi simsamehe padre yule, hata huko kaburini aliko. Kanisa bado lipo. Pale ilipotundikwa picha wamepaka chokaa mara nyingi, mwisho wakabomoa ukuta wakajenga mwingine. Jumamosi iliyopita nilipitisha kidole pale. Kilitoka na siagi, tena ya moto.