Nta Upande Mmoja wa Mpira

Kila siku baada ya shule, Upepo alipitia kibandani kwa baba yake, fundi viatu, akafagia vipande vya ngozi na kupanga viatu vilivyokwisha kushonwa. Kazi yenyewe aliifanya juu juu, maana akili ilikuwa uwanjani. Jina la Upepo alipewa na wenzake wa timu ya kriketi kwa jinsi alivyokimbia kabla ya kurusha mpira, naye alilipenda kuliko jina aliloitwa nyumbani.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hamu yake ilikuwa moja tu: kuvaa sare ya timu ya wasichana ya mkoa. Aliitamani mpaka chakula kikawa hakipiti. Mwaka huo alichaguliwa. Ulikuwa pia mwaka wake wa mwisho, kwa sababu timu ile haikumchukua aliyetimiza miaka kumi na minne.

Mechi ya kwanza ilimtoa jasho la bure. Mipira yake ilikwenda moja kwa moja, wapigaji wakaipiga watakavyo, na hakumtoa hata mmoja. Kocha, mama mwenye sauti ya upole na macho makali, alimwambia wazi kuwa asipojirekebisha, nafasi yake itakwenda kwa mwingine.

Warushaji husugua upande mmoja wa mpira kwenye suruali ili ung'ae, na upande wa pili huuacha ukwaruzike. Hapo mpira hukata kona hewani. Jasho na kitambaa vinaruhusiwa. Kingine chochote ni marufuku, na Upepo alilijua hilo barabara. Hata hivyo, siku ya mechi ya pili alichota nta kidogo katika kopo la baba yake, akaificha kwenye leso mfukoni.

Siku hiyo mpira ulipinda, tena ukapinda haswa. Wapigaji wanne walitoka mmoja baada ya mwingine, wakiyatazama magongo yao kana kwamba yana matundu. Mkoa ukaingia fainali. Upepo akabebwa juu juu, akapewa mpira ule uwe kumbukumbu, akaenda nao mbio hadi kibandani.

Baba aliugeuzageuza mkononi, akaunusa. Nta ile aliichemsha mwenyewe nyuma ya nyumba, na hakuna fundi mwingine aliyekuwa nayo. Tabasamu likamwisha.

"Mwanangu, hii imefikaje huku?"

Upepo alitaka kusema kuwa mpira ulidondokea kwenye kopo, lakini aliona kwamba baba hatadanganyika. Akaeleza yote huku akitazama chini.

"Nikisema watanitoa, baba. Na mwakani siruhusiwi tena."

"Najua. Mimi sitakusemea. Ila nta ni yangu, na ukinyamaza nami nikanyamaza, tutakuwa wadanganyifu wawili."

Asubuhi Upepo alimfuata kocha, akakiri. Kocha alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kusema, kisha akamwambia arudishe sare. Wapinzani wakapewa ushindi. Wenzake walimnunia wiki nzima, naye hakuwa na cha kuwalaumu.

Siku ya fainali waliyoikosa, Upepo alishindwa hata kushika ufagio. Alikaa kwenye kigoda akalia waziwazi, kwani sasa aliitaka sare ile kuliko alivyoitaka kabla hajaivaa. Baba akaweka sindano chini. Akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampeleka kwenye uwanja wa shule na mpira mkuukuu.

Upepo akawa anarusha, baba anadaka. Wa kwanza ulikwenda moja kwa moja. Wa pili vilevile. Baba hakuchoka kuurudisha. Uliofika kama wa ishirini ulipinda kidogo tu, upana wa kidole, ukamponyoka baba mkononi.

Baba aliufuata, akaufuta vumbi. "Wale wanne, hutajua kamwe kama walitolewa na mkono wako au na kopo langu," alisema. "Mtu akiiba ushindi, anajinyima kujua anachokiweza. Huu mmoja unaujua. Ni wako."

Upepo alijifuta machozi, akauomba mpira tena.