Ndio, Hapana

"Usipumue," Noelene aliniambia, pini mdomoni. "Ukipumua nitakuchoma."

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti jikoni kwake, nimevaa gauni lake mwenyewe la harusi, analibana linikae mimi. Zilibaki wiki mbili niolewe na mwanawe, Darcy. Na mimi sikuwa nimekubali kuolewa.

Msicheke. Huku kwetu Mallee, kwenye mashamba ya ngano, mtu hakukatalii usoni. Atakwambia, "Ndio, hapana." Ile ndio ni ya adabu tu, ujue amekusikia, neno la mwisho ndilo jibu. Akianza na hapana akamalizia na ndio, basi amekubali. Hata watoto wa chekechea wanalijua hilo.

Sasa siku timu yetu ilipochukua kombe, Darcy alipiga goti katikati ya baa ya klabu, maikrofoni mkononi, jezi bado ina tope. Akauliza. Nikaanza, "Ndio..." Baa ikalipuka. Bia zikaruka, baba yangu akalia, mtu akanibeba begani. Hapana yangu ikazama humo humo.

Toka hapo kila nilipofungua mdomo nilizibwa kwa pongezi. Nilimwambia baba kwamba sitaki. Akanipigapiga mgongoni, akasema itakuwa sawa tu. Hilo ndilo jibu letu kwa ukame, kwa nyoka chooni na kwa gari lililokatika breki. Akina mama walishaloweka matunda ya keki ya harusi kwenye brandi. Nilikuwa nimepata kazi mji wa mbali, Hobart, kwenye hospitali ya wanyama, na hakuna aliyeniuliza tena habari zake. Nilijiona nazikwa huku napigiwa makofi.

Noelene alipokwenda kutafuta uzi, nilimwandikia Darcy ujumbe: "Njoo jikoni kwa mama yako. Sasa hivi."

Akajibu: "Si mkosi bwana harusi kuona gauni?"

"Njoo."

Alivua buti mlangoni, akaingia na soksi. Aliponiona juu ya kile kiti, tabasamu likamwisha.

"Darcy, siku ile ulikuwa umbali gani nami?"

"Nilikuwa nimekushika mkono, Tegan."

"Basi ulisikia nilichosema."

"Ulisema ndio. Mji mzima ulisikia."

"Sijauliza mji. Nakuuliza wewe."

Akatazama soksi zake.

"Nilisikia," akasema. "Hapana yako niliisikia vizuri kuliko ile ndio."

Muda wote huo nilikuwa namwonea huruma, nikidhani kelele zilimziba masikio.

"Ukanyamaza."

"Walikuwa wanashangilia. Nikajiambia itakuwa sawa tu."

"Umenifungia bandani, Darcy, halafu unaniangalia natafuta mlango."

"Najua. Niliogopa utaenda Hobart usirudi. Nikakuibia jibu lako."

Nilitamani kumpiga na kiatu. Nilitamani pia kulia, ila gauni lilikuwa limebana mno.

"Niulize tena," nikamwambia. "Hapa hapa. Bila maikrofoni."

Akaniuliza.

"Ndio, hapana."

Safari hii nilimaliza. Hakuna aliyepiga makofi.

Noelene alikuwa amesimama mlangoni na uzi wake, sijui tangu saa ngapi. Alimtazama mwanawe, kisha akaja kuchomoa pini, moja baada ya nyingine. Alipofika ya mwisho akanishika kiuno.

"Sasa pumua, mwanangu," akasema.

Jumamosi iliyofuata, pale klabu, Darcy alichukua maikrofoni ile ile, akawaambia watu wote kwamba nilikataa, kwamba alisikia akanyamaza, na mwenye maneno amletee yeye. Wakaguna sana. Mwishowe mzee mmoja akauliza keki itakuwaje, wakaamua italiwa hivyo hivyo.

Alinipeleka mwenyewe kupanda basi. Akapakia begi langu, akasimama pale na kofia mkononi.

"Naweza kukupigia simu ukiwa huko?"

Hasira nilikuwa nayo bado. Lakini mtu aliyejianika mbele ya klabu nzima kwa ajili yangu, huyo nilikuwa sijawahi kumwona.

"Hapana," nikasema.

Darcy hakuondoka. Alisubiri nimalize.

"Ndio," nikasema, nikapanda basi.